Fundi Cheche na Mapovu ya Chupa

Fundi Cheche alikuwa mtu wa moto. Kazi yake ilikuwa kuchomelea vyuma. Mageti, madirisha, vitanda na mikokoteni, vyote vilipita mikononi mwake. Cheche za moto zilimrukia kifuani, naye akazipangusa kama mtu anayepangusa makombo ya mkate. Ndiyo maana watu walimwita Cheche. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limeshasahaulika, hata na wazazi wenyewe.

Karakana yake ilikuwa mbele ya nyumba, upande wa barabara. Nyuma ya nyumba kulikuwa na ua. Huko ndiko mkewe alikofanyia kazi yake. Mkewe alikuwa mpishi. Alipika chakula cha mchana cha wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni. Masufuria yake yalikuwa makubwa kiasi kwamba mtu mzima angeweza kuoga ndani yake, na bado ikabaki nafasi ya jirani.

Kazi hiyo ilikuwa nzuri, ila ilikuwa na mambo mawili mabaya.

La kwanza lilikuwa moshi. Jiko lilikuwa la kuni, na jiko la chakula kingi halina huruma. Mpishi alikohoa asubuhi, akakohoa mchana. Muuguzi wa zahanati alimwambia, "Mama, kifua chako kimechoka na moshi. Ukiendelea hivi, utaanza kupika umekaa. Halafu hata kukaa kutakushinda."

Cheche aliyasikia maneno hayo. Tangu siku hiyo, kila mkewe alipokohoa, alizima mashine akasikiliza.

La pili lilikuwa mabaki. Kila siku kulikuwa na ndoo za maganda ya viazi, wali uliokauka, maharage yaliyoachwa kwenye sahani. Ndoo zilijipanga ukutani. Zilinuka. Nzi wa ua ule walinenepa mpaka wakaacha kuruka, wakawa wanatembea kwa miguu. Panya walikuja mchana, tena bila haraka, kama wapangaji wa siku nyingi.

Mama yake mpishi, ambaye wote walimwita Bibi, alikaa uani kwenye kigoda chake akichambua maharage. Aliwapiga panya kwa kandambili. Siku moja alikosa shabaha, kandambili ikatua ndani ya sufuria.

"Tumeongeza nyama," alisema Bibi.

Siku hiyo hiyo mpishi alimpigia simu mdogo wake.

*

Mdogo wake mpishi, yaani shemeji yake Cheche, alikuwa fundi wa mitambo ya bayogesi. Alikuja na gari dogo la mizigo. Juu yake kulikuwa na tangi kubwa jeusi la plastiki, mabomba, na mfuko mnene uliokunjwa kama blanketi.

Cheche alitoka karakanani. "Shemeji, karibu. Hilo ni tangi la maji?"

"La gesi, shemeji."

Cheche alirudi nyuma hatua moja. Uso wake ulibadilika.

Hapa inafaa msomaji ajue jambo moja. Cheche hakuogopa moto. Hakuogopa umeme, wala mbwa, wala wakaguzi. Lakini aliogopa gesi. Alipokuwa bado anajifunza kazi, mtungi wa gesi ulianguka karakanani, ukavunjika kichwa. Mtungi ule uliruka kama umeitwa. Ulitoboa paa. Mwalimu wake wa kazi alikuwa amesimama njiani mwake. Siku hiyo mwalimu hakurudi nyumbani kwake. Tangu hapo, Cheche alichomelea kwa umeme tu. Mtungi wa gesi haukukanyaga tena mlangoni kwake.

"Unaniletea bomu nyumbani?" aliuliza.

"Nakuletea tumbo," alijibu shemeji. "Tumbo la plastiki. Tunalilisha mabaki ya chakula. Ndani tunatia samadi ya ng'ombe mara moja tu, mwanzoni. Samadi ina vijidudu vidogo sana, macho hayavioni. Vinakula mabaki mahali pasipo na hewa. Vikila, vinatoa gesi."

"Vijidudu vinatoa gesi?"

"Kama wewe baada ya maharage, shemeji."

Bibi alicheka mpaka maharage yakamwagika. Cheche hakucheka.

"Mimi nimeona gesi inavyofanya," alisema. "Wewe hujaona."

"Baba watoto," mkewe alisema kwa sauti ya chini, "na mimi naona moshi unavyofanya. Unataka nini? Nife polepole ili wewe usiogope?"

Cheche alitazama tangi. Alimtazama mkewe. Kisha akageuka, akarudi karakanani, akawasha mashine yake ili asisikie lolote.

Hilo ndilo lilikuwa kosa lake la kwanza. Kwa sababu nyuma, uani, shemeji alikuwa anaeleza.

Alimwonyesha dada yake namna ya kukata mabaki yawe madogo na kuyachanganya na maji. Alimwambia asitie mifupa, wala mafuta mengi, wala maji ya sabuni, wala dawa ya kusafishia choo, maana vitaviua vijidudu. Alimwambia asilishe kupita kiasi, maana tangi likivimbiwa linachachuka na gesi inakatika. Alifunga mfuko juu ya kichanja cha mbao, chini ya kivuli. Gesi ingetoka kwenye tangi, iingie kwenye mfuko, kisha ipite kwenye mpira hadi kwenye jiko jipya la gesi, jikoni. Kwenye mpira, ukutani nje ya jikoni, aliweka koki ya kufungia gesi.

Mwisho alichukua chupa kubwa ya plastiki. Aliitia maji, akaining'iniza kwenye nguzo. Bomba jembamba lilitoka kwenye mfuko, ncha yake ikazama ndani ya maji ya chupa.

"Dada, chupa hii isiguswe," alisema. "Mfuko ukijaa sana, gesi inayozidi itatokea hapa. Utaona mapovu. Usiogope mapovu. Kazi yako ni kuhakikisha maji hayakauki. Mwambie na mumeo."

"Nitamwambia akipoa," alisema mpishi.

Lakini Cheche hakupoa. Kila mkewe alipotamka neno gesi, yeye alikumbuka kazi ya haraka mahali pengine.

*

Wiki chache zilipita. Mfuko ulianza kujaa. Kwanza ulikuwa umelala kama ngozi. Kisha ukainua mgongo. Cheche aliuona kila alipokwenda kuoga, na kila alipouona, alioga haraka. Watu walisema siku hizo alitoka bafuni akiwa na povu masikioni.

Siku ya kuwasha jiko ilifika. Shemeji alifungua koki, mpishi akawasha njiti. Moto wa buluu ukatokea, tulivu, bila moshi. Mpishi alijifunika uso kwa kanga. Alikuwa analia, na kwa mara ya kwanza jikoni hakulizwa na moshi.

Cheche aliyaona hayo akiwa getini, ameshika ndoo ya mchanga.

"Njoo uone, mkwe wangu!" Bibi alimwita.

"Naona vizuri kutoka hapa, mama."

Baada ya hapo mambo yalikwenda vizuri. Ndoo zilitoweka ukutani. Panya walihama, bila hata kuaga. Kikohozi cha mpishi kilipungua. Lakini Cheche alikula chakula chake barabarani, kimepoa, kwa sababu hakutaka kukaa karibu na jiko. Kila sauti ya uani ilimshtua. Sufuria ikianguka, aliinama. Mlango ukigongwa na upepo, alishika kichwa. Usiku alilala amevaa suruali na viatu, tayari kwa mbio.

"Wewe unalala au unasafiri?" mkewe alimuuliza.

*

Kisha kiwanda cha sabuni kilifungwa kwa siku kadhaa. Mashine zao zilikuwa zinatengenezwa. Mpishi hakuwa na wa kuwapikia. Jiko halikuwashwa sana. Lakini tangi lilikuwa limeshalishwa vizuri, na vijidudu havijui likizo. Viliendelea kula. Gesi iliendelea kutoka. Mfuko ukajaa.

Asubuhi moja mpishi alikwenda sokoni. Watoto walikuwa shuleni. Bibi alikuwa kwenye kigoda chake. Cheche alipita uani akielekea bafuni, taulo begani. Akasikia sauti.

Blub. Blub. Blub.

Alisimama. Alitazama chupa. Ndani ya maji, mapovu yalikuwa yanapanda.

Taulo likaanguka chini.

Sasa, mtu mwingine angeona mapovu tu. Lakini Cheche alikuwa fundi. Alipotengeneza tangi la maji au bomba, aliupima mshono wake kwa povu la sabuni. Alipaka povu, akajaza upepo, akaangalia. Povu likitulia, mshono ni mzima. Likichemka, pana tundu. Miaka yote hiyo, mapovu kwake yalikuwa na maana moja: panavuja. Na kinachovuja kinazibwa.

"Inavuja," alinong'ona. "Gesi inavuja, na mama amekaa hapa hapa."

"Unasemaje?" aliuliza Bibi.

"Hakuna kitu, mama. Chambua maharage tu."

Hakutaka kumtia hofu. Alikimbia karakanani. Alirudi na kipande cha raba ya tairi la baiskeli na waya. Waya ulimchoma kidole, hakujali. Alilitoa bomba kwenye chupa. Alilikunja ncha. Alilizungushia raba, akaikaza kwa waya kwa nguvu zake zote, na nguvu za Cheche zilikuwa za kufunga geti la kiwanda.

Mapovu yalikoma. Kimya kikatanda.

Cheche alipumua. Kwa mara ya kwanza tangu tangi lile lifike, alijisikia mwanamume ndani ya ua wake. Alirudi karakanani akipiga mluzi.

*

Alasiri, Bibi alimwita. "Mkwe wangu! Hebu njoo. Hiki kitu chenu kinaguna."

Cheche alizima mashine, akaenda. Alipofika uani, alisimama.

Mfuko haukuwa mfuko tena. Ulikuwa umevimba, umekaza, unang'aa kama ngozi ya ngoma. Mbao za kichanja zililia. Kwenye bomba la kulishia, tope jeusi lilikuwa linapanda. Lilipanda, likatulia, likapanda tena, likatema chini. Pwaa!

"Kinatapika," alisema Bibi. "Mmekilisha nini?"

"Mama, ondoka hapo."

"Nimalize haya machache."

"MAMA, ONDOKA!"

Hakuwahi kumpazia sauti mama mkwe wake. Bibi aliduwaa, ungo mapajani. Cheche hakungoja. Alimbeba Bibi, akabeba na kigoda, na ungo, na maharage, vyote pamoja, akavitua barabarani. Majirani waliokuwepo wanaapa hakuna hata punje moja iliyoanguka.

Alirudi hadi mlangoni pa ua, na hapo ndipo aliposikia sauti nyingine ndani. Sssssss.

Ilitoka jikoni. Presha ilikuwa imekuwa kubwa mno, mpira umechomoka kwenye jiko. Gesi ilikuwa inamwagika chumbani. Harufu ya mayai viza ilienea mpaka mlangoni.

Na kupitia dirishani, Cheche alimwona mkewe. Alikuwa amerudi kutoka sokoni, ameingia kwa mlango wa pembeni. Mafua yalikuwa yamemziba pua. Hakusikia harufu. Nje lori lilikuwa linapita, hakusikia mlio. Alikuwa ameshika sufuria ya chai mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa na kiberiti.

Cheche alimwona mwalimu wake. Aliona paa lililotoboka. Kila mshipa wa mwili wake ulimwambia: kimbia, barabara ile pale.

Alikimbia. Lakini alikimbia kuelekea jikoni.

"USIWASHEEE!"

Mpishi aligeuka. Njiti ilikuwa imeshatoka kwenye kiberiti. Cheche aliudaka mkono wake, akaubana, njiti ikavunjika kati ya vidole vyao.

"Kuna nini? Unaniumiza!"

"Toka. Toka sasa hivi. Usiguse taa. Usiguse kitu."

Alisukuma dirisha likafunguka. Aliacha mlango wazi. Alimvuta mkewe nje, kisha akaifunga koki iliyokuwa ukutani. Sssssss ikafa. Lakini sasa gesi haikuwa na pa kutokea kabisa. Mfuko uliinuka tena mbele ya macho yao. Mbao moja ya kichanja ikapasuka. Paa!

Wote watatu walikuwa barabarani. Cheche alipiga simu. Vidole viligoma, mkewe akamsaidia kubonyeza.

"Shemeji! Linapasuka! Tangi lako linapasuka!"

"Tulia. Chupa inatoa mapovu?"

Cheche alitazama kidole chake kilichochomwa na waya.

"Shemeji? Nimekuuliza, chupa inatoa mapovu?"

"Haitoi."

"Mfuko umekaza na chupa haitoi mapovu? Haiwezekani. Nani ameigusa?"

Mpishi alimgeukia mumewe. Bibi naye akamgeukia. Hata lori jingine lililokuwa linapita lilionekana kumgeukia.

"Niliziba," Cheche alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Niliona mapovu. Nikajua inavuja. Nikaziba kwa raba."

Shemeji aliongea polepole, bila utani hata chembe.

"Sikiliza. Hiyo ndiyo pua ya mtambo. Umeiziba pua. Lazima uifungue. Hakikisha hakuna moto wowote karibu, hata sigara. Usitumie mashine ya kukatia. Tumia koleo, kwa mkono. Ukifungua, geuza uso pembeni, usivute hewa yake. Kisha ondoka uache itoke. Umenielewa?"

"Nitakwenda mimi," alisema mpishi.

"Wewe kaa na mama," alisema Cheche.

Alichukua koleo. Kutoka barabarani hadi kwenye chupa si mbali, lakini mtu akimuuliza Cheche, atakwambia alitembea nchi nzima. Mfuko ulikuwa unamwangalia. Tope lilitema, likamrukia suruali. Alipiga yowe, akaendelea. Alishika bomba. Waya ulikuwa umekaza, kwa sababu aliyeukaza alikuwa yeye mwenyewe, na hakuna siku aliyojilaani kwa kuwa na nguvu kama siku ile. Alikata mzunguko wa kwanza. Alikata wa pili. Raba ikafyatuka.

Fuuuuuuuu!

Cheche aligeuza uso, akarudi nyuma, akaanguka kwenye tope, akainuka, akakimbia. Nyuma yake mfuko ulianza kulegea. Ulishuka taratibu, kama mtu mnene anayekaa kwenye kiti baada ya safari ndefu.

Hakuna kilicholipuka.

*

Shemeji alifika kabla jua halijazama. Alikagua kila kitu. Alipaka povu la sabuni kwenye maungio yote. Cheche alisimama nyuma yake, bado ananuka tope.

"Shemeji, unaona ninachofanya?" fundi wa bayogesi alimuuliza Cheche. "Hivi ndivyo wewe unavyopima. Ulikuwa sahihi. Kwenye maungio, povu likichemka, panavuja. Unafunga koki, unakaza, unapima tena. Povu la sabuni, siyo njiti ya kiberiti kamwe. Lakini ndani ya chupa, mapovu ni salama. Yanakwambia: nimeshiba, pikeni au punguzeni kunilisha."

"Na kama nisingeziba?"

"Ungekuwa umeoga, ukavaa, ukarudi kazini. Gesi ya hapa haina nguvu ya ile ya mtungi wako. Mtungi unabeba presha kubwa sana. Huu mfuko ni mpole, mradi pua yake iko wazi na upo nje penye upepo. Gesi yake inaua ikifungiwa chumbani na moto, au mtu akiingiza kichwa ndani ya tangi, maana mle hamna hewa ya kupumua. Mle haingii mtu, hata kwa kutafuta pete ya ndoa."

Walipotoka hadi barabarani, walikokuwa mpishi na Bibi, Cheche alikaa juu ya kigoda cha Bibi. "Nilikuwa nakaribia kumuua mke wangu," alisema. "Kwa mikono hii."

"Halafu ukamtoa, kwa mikono hiyo hiyo," alisema mpishi. "Lakini siku nyingine mtu akieleza, usiwashe mashine. Kaa usikilize."

"Nitakaa."

"Na mimi ulinipazia sauti," alisema Bibi.

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Ila nilipenda ulivyonibeba. Nirudishe ndani vile vile."

Ndipo Cheche alipocheka, na kicheko chake kilichanganyika na kilio, na hakuna aliyemtania.

*

Leo ukipita kwenye ua ule utaona mabadiliko. Chupa imefungwa ndani ya kizimba cha chuma, kazi ya Cheche mwenyewe. Mpira wa jikoni umekazwa kwa vibanio. Jikoni kuna madirisha mawili makubwa, nayo ni kazi yake. Kila wiki anapaka povu la sabuni kwenye maungio. Tope linalotoka kwenye tangi, Bibi analichanganya na maji na kulimwagia mboga zake. Anasema mboga hizo zinakua haraka mpaka inabidi azikate majani zikiwa zinakimbia. Mpishi anapika mchana kutwa, na kifua chake kimetulia. Muuguzi wa zahanati alimpima, akamuuliza kama amehamia mtaa mwingine.

Lakini kwa muda mrefu Cheche hakuwahi kuwasha lile jiko yeye mwenyewe. Alikagua, alipima, alikaza. Kuwasha, hapana.

Hadi asubuhi moja ya mvua. Mkewe alikuwa amelala, amechoka na kazi ya jana. Cheche aliingia jikoni. Alifungua dirisha. Alinusa. Alipima maungio, akayapima tena. Alitoka, akatazama maji kwenye chupa, akafungua koki ya ukutani, akarudi ndani. Akachukua kiberiti.

Njiti ya kwanza ilizimika kwa mtetemo wa mkono wake. Ya pili ilivunjika. Ya tatu ilishika. Aliisogeza kwenye jiko, akafungua kidogo koki ya jiko lenyewe, na akafumba macho.

Fup.

Alifumbua jicho moja. Moto wa buluu ulikuwa umekaa pale, mdogo, mtulivu, unamngoja.

Mkewe alikuwa mlangoni, amejifunga kanga, anamtazama. Cheche hakujua mkewe alikuwa amesimama hapo tangu lini.

"Unatetemeka," alisema.

"Natetemeka," alisema Cheche. "Lete majani ya chai."